Nyumba ya mawe hufa kuanzia paani

Ukipita Kiponda au Mkunazini, mitaa ya Mji Mkongwe wa Unguja, baada ya mvua ya masika, tazama juu. Milango ya nakshi ndiyo inayopigwa picha, lakini habari ya nyumba iko kwenye ukingo wa paa: bati lililokunjwa na upepo, mfereji uliojaa majani, mche wa mkuyu uliojiotea ufani, doa la kijani linaloshuka ukutani. Nyumba yenye dalili hizo imeshaanza kuanguka, hata kama itasimama miaka kumi zaidi.

Mji Mkongwe wa Zanzibar ni hekta 96 zilizobanana majengo zaidi ya 1,700, na UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kila linapokuja suala la kuufufua, watu huanza na hoteli, taa za vichochoroni na rangi za mbele. Naona huko ni kuanzia mwisho. Fedha ya kwanza, hata ikiwa kidogo, iende kwenye paa na mifereji yake. Ya pili iende kwenye vichwa vya boriti. Lipu ije baadaye kabisa, na rangi baada ya lipu.

Umaarufu hauilindi nyumba. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, mwaka 1883, ni jengo ambalo kila mgeni wa Unguja hulijua kabla hajashuka bandarini. Mwaka 2012 sehemu ya roshani yake ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020 ukaporomoka upande wa mbele pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha, wakati kazi ya kulikarabati ilikuwa tayari imeanza. Ikiwa jengo kama hilo linaweza kufika hapo, nyumba ya ghorofa mbili iliyojificha nyuma ya Sokomuhogo haina wa kuisemea.

Ili kuelewa kwa nini paa ni roho ya nyumba, lazima ujue ukuta wenyewe umetengenezwaje. Kwa nje unaonekana kama mwamba mmoja. Ndani ni kuta mbili za mawe ya matumbawe, na katikati yake kumejazwa vipande vya mawe, udongo mwekundu na chokaa. Unene wake ni kama nusu mita, mara nyingi zaidi. Hakuna nondo. Kinachoushikilia ni uzito wake, na ukavu wake. Dari ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa kuwa mti wa mkoko hubeba mzigo vizuri kwa urefu wa mita 3 hivi tu, vyumba vikawa virefu na vyembamba, Unguja kama ilivyo Lamu. Juu ya boriti huwekwa mawe bapa, kisha zege la chokaa na kokoto ndogo, linalopondwa kwa vibao siku kadhaa mpaka likaze. Mapaa mengi ya zamani yalikuwa bapa kwa mtindo huohuo. Mvua za Unguja zikayashinda, na watu wakayafunika kwa mabati.

Sasa fuata maji. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50, mvua kubwa ya siku moja ya masika, limekusanya lita 5,000. Mfereji ukiwa mzima na bomba la kushushia likiwa wazi, maji hayo yanafika chini bila kugusa ukuta. Bomba likiziba kwa majani ya wiki mbili, maji hufurika nyuma ya mfereji na kuingia kichwani mwa ukuta, palipo wazi na laini. Humo hukuta udongo. Udongo hulainika, hutiririka kidogo kidogo, hushuka, na katikati ya ukuta hubaki uwazi. Zile kuta mbili sasa hazina kinachoziunganisha. Ule wa nje huanza kutoa tumbo.

Wakati huohuo vichwa vya boriti, vilivyozama ndani ya ukuta, vinaloa bila kupata hewa. Boriti huoza pale usipoiona. Katikati ya chumba inang'aa kwa vanishi, kumbe kichwa kimekuwa unga na mchwa wameshahamia. Ndiyo maana dari huanguka ghafla, usiku, bila mlio wa siku nyingi: boriti haikuvunjika, imechomoka.

Ugonjwa wa pili ni saruji, na hapa sitaki kuwalaumu mafundi. Saruji inapatikana kila duka, inakauka kesho, na mteja anataka kuona ukuta umenyooka kabla ya Idi. Lakini jiwe la tumbawe na chokaa hupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini au kuingia kwa juu hutokea kwenye lipu ya chokaa na kupotea hewani. Ukiupaka ukuta saruji, umeufunga. Unyevu hauna njia, unazidi kupanda, na chumvi inayokuja nao hugandia nyuma ya lipu na kuisukuma. Ukigonga kwa kifundo cha kidole unasikia sauti ya debe tupu. Baada ya masika mawili lipu inabanduka pamoja na ngozi ya jiwe. Fundi huitwa tena, anapiga lipu nene kuliko ya kwanza, na hasara huzunguka hivyo. Rangi ya plastiki au ya mafuta inafanya jambo lilelile kwa unene wa karatasi.

Ugonjwa wa tatu ni uzito, na huu huongezwa na watu wenye nia njema. Dari ikivuja, juu yake humwagwa sakafu mpya ya saruji ya sentimita 5. Mita moja ya mraba ya sakafu hiyo ni kilo 110 hivi. Chumba cha mita 3 kwa 6 kimeongezewa karibu tani 2, juu ya boriti zilizokwisha kulowa. Miaka mitano baadaye inavuja tena, na sakafu ya tatu inawekwa. Halafu linapandishwa tangi la plastiki la lita 1,000, ambalo likijaa ni tani moja iliyokaa sehemu moja, mara nyingi katikati ya paa kwa sababu ndipo penye nafasi. Tangi likae juu ya ukuta mnene, kwenye mbao nzito mbili zinazogawa mzigo, au lishushwe uani na maji yapandishwe kwa pampu. Choo na bafu vilivyoongezwa ghorofani navyo viangaliwe: bomba linalodondosha tone moja nyuma ya vigae kwa mwaka mzima huharibu kuliko masika. Hata kiyoyozi kisichokuwa na mrija wa kupeleka maji mbali na ukuta kina alama yake, mstari mweusi unaoshuka chini ya dirisha.

Kabla ya kugusa chochote, pima. Vifaa ni vichache: timazi (uzi wenye kitu kizito mwishoni), bisibisi, nyundo ndogo, tochi, futi, penseli na daftari. Teremsha timazi kutoka dirisha la juu na upime umbali wa uzi hadi ukutani kila nusu mita. Ukuta ukitoka nje ya mstari kwa sentimita 5 au zaidi, mwite mhandisi kabla ya fundi. Kwenye kila ufa, bandika kipande chembamba cha kioo kwa plasta pande zote mbili, uandike tarehe. Kioo kikipasuka, nyumba inatembea. Kikibaki kizima masika yote, ufa ni wa zamani na umetulia. Boriti zigongwe moja moja karibu na ukuta, siyo katikati. Nzima hulia kavu, iliyooza hulia kama mkate. Penye shaka sukuma bisibisi: ikizama zaidi ya sentimita 2 bila nguvu, hiyo imekwisha. Chora ramani ya chumba, boriti zote zipewe namba, mbovu zitiwe alama. Daftari hilo litakusaidia pia ukienda kuomba kibali Mamlaka ya Mji Mkongwe, kwa sababu ukarabati ndani ya eneo la hifadhi unahitaji kibali, na ombi lenye picha, vipimo na namba linasomeka.

Ukiona hatari, egemeza kwanza. Hapa kosa moja hurudiwa sana: mrunda, yaani nguzo ya kuegemeza, unasimamishwa chini ya boriti mbovu ya ghorofa ya pili, ukikanyaga katikati ya sakafu ya ghorofa ya kwanza. Hapo hujaondoa mzigo, umeuhamishia dari ya chini, ambayo huenda ni mbovu vilevile. Mirunda lazima ifuatane, mmoja chini ya mwingine, mpaka ardhini. Juu yake pitisha mbao moja inayogusa boriti zote, chini yake mbao nyingine ya kugawa uzito, na kabari zigongwe pole pole mpaka zishike tu. Ukizigonga kwa nguvu utainyanyua dari na kuipasua.

Baada ya hapo, paa. Lisafishwe, miche ikatwe na mashina yake yauliwe kwa dawa. Usiing'oe, mizizi hutoka na mawe. Kama hakuna fedha ya mabati mapya, turubai zito lililofungwa vizuri linanunua masika moja. Ukiwa na fedha, chagua bati nene, geji 28 siyo 30, maana hewa ya bahari hula bati jembamba upesi. Paa litokeze nje ya ukuta kama sentimita 40. Mfereji uwe na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita na bomba pana, kisha bomba limwage maji kwenye mtaro, siyo mguuni mwa ukuta. Kazi hii haipendezi kwenye picha. Hata hivyo nyumba iliyofanyiwa hii peke yake, bila kitu kingine, inaweza kusubiri miaka ya mazungumzo.

Boriti hubadilishwa moja moja, kamwe siyo chumba kizima kwa siku moja. Ng'oa moja, weka nyingine, acha mbili nzima, kisha nenda inayofuata. Kichwa kiingie ukutani angalau sentimita 20, kilazwe kwenye chokaa, na pembeni kiachiwe nafasi ya hewa badala ya kuzibwa kwa saruji. Mikoko siku hizi haikatwi ovyo, na ni haki: mikoko ndiyo inayolinda fukwe. Nunua zenye kibali, au tumia mvinje au mkaratusi uliotiwa dawa, ukikubali kwamba utahitaji miti minene zaidi na iliyokaribiana. Sakafu za ziada zilizorundikwa juu zibanduliwe kwa tindo na mkono. Mashine ya kutikisa zege inatikisa pia ukuta wa jirani.

Ukuta wenye uwazi ndani hujazwa uji wa chokaa na mchanga laini, ukimiminwa kwa uzito wake wenyewe kupitia matundu madogo. Anza chini, panda nusu mita kwa siku. Ukimimina mwingi kwa pamoja, uji ule ule unasukuma tumbo na kuumaliza ukuta. Sehemu iliyotoka sana haiponi kwa kujazwa. Ishushwe na kujengwa upya kwa vipande visivyozidi mita 1, kipande kikishika ndipo kingine, na katika kila kipande liwekwe jiwe refu linalopita unene wote wa ukuta kuunganisha pande mbili.

Chokaa yenyewe ndipo subira inapohitajika. Mawe ya matumbawe huchomwa kwenye tanuu la magogo, kisha huzimwa kwa maji na kuachwa shimoni, ikifunikwa maji juu. Ikae miezi mitatu angalau. Ikizidi ni bora. Chokaa isiyokomaa ina punje ambazo hazijazimika, nazo hujizima zenyewe ukutani baada ya wiki, zikiacha vishimo kama ndui. Lipu ya kwanza ni chokaa 1 kwa mchanga 3, unene wa sentimita 1 tu. Mchanga uwe wa shimo, ulioosheka, usiwe wa ufukweni, kwani wa ufukweni unaleta chumvi ileile unayoikimbia. Ukuta ulowanishwe kabla, lipu ifunikwe magunia mabichi, ikae wiki nzima kabla ya mkono wa pili. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndio wakati wake. Jua la kaskazi huikausha juu kabla haijashika ndani, na inapasuka kama tope la bwawa. Malizia kwa chokaa nyepesi ya kupaka, mikono minne au mitano. Weupe wa mji huu ulitokana na hiyo, na unarudiwa kila baada ya miaka michache kwa gharama ndogo. Penye saruji ya zamani iliyoshika sana, iache. Ukiilazimisha unang'oa jiwe. Ondoa ile inayolia debe, ukianzia juu, na uache ukuta ukauke wiki kadhaa ukiwa uchi.

Haya yote mafundi wanayajua, au wanaweza kufundishwa. Miaka ya 1990 Shirika la Utamaduni la Aga Khan lilipokarabati Zahanati ya Kale pale Mizingani, jengo lililowekwa jiwe la msingi mwaka 1887, kazi hiyo iliendana na kuwafunza mafundi wa hapa chokaa na mbao. Kinachokwama hasa ni swali jingine: nani mwenye mamlaka ya kumwambia fundi apande?

Nyumba za mji huu zina wenyewe wa namna tatu kubwa. Ziko za serikali, nyingi zilizotaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964 na kukaliwa na familia kadhaa, kila moja na chumba chake. Ziko za wakfu, chini ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Na ziko za watu binafsi, ambazo nyingi ni mirathi isiyogawanywa.

Chukua mfano. Mzee anafariki akiacha mjane, ambaye ni mama wa kambo wa watoto wake, wana watatu na mabinti wawili. Kwa mirathi ya Kiislamu mjane ana thumuni, yaani moja ya nane. Kilichobaki kinagawanywa, kila mwana mara mbili ya binti. Nyumba ikiwa na sehemu 64, mjane anapata 8, kila mwana 14, kila binti 7. Bado inaelezeka. Kisha binti mmoja anafariki, akiacha mume, wana wawili na mabinti wawili. Mume ana robo ya zile 7, na kila binti wa binti anabaki na sehemu 7 kati ya 512 za nyumba nzima. Mmoja wa mabinti hao yuko Maskati, kaka yake Toronto, mjomba wao Dubai. Hakuna anayekataa kutengeneza paa. Lakini hakuna mwenye sehemu inayomtosha kuona paa ni lake, na kila mmoja anachelea kwamba akitoa fedha nyingi wenzake watazihesabu sadaka, au yeye atazihesabu umiliki.

Dawa niliyoiona ina mantiki ni kutenganisha mambo mawili ambayo familia huyachanganya: kugawana na kulinda. Kugawana kunaweza kusubiri Kadhi na mazungumzo. Kulinda hakusubiri. Warithi watoe hati ya uwakili kwa mtu mmoja aliyeko Unguja, yenye mipaka: paa, mifereji, kuegemeza, na kuomba vibali. Iandikwe wazi kwamba kila shilingi inayotolewa ni deni la nyumba, inarudishwa kwanza nyumba itakapouzwa au kukodishwa, na haibadilishi sehemu ya mtu. Hesabu zitumwe kwa wote, pamoja na picha za kabla na baada. Wapangaji waliomo wahusishwe tangu mwanzo, kwa sababu wao ndio wanaojua dari ipi inadondosha na saa ngapi. Si lazima wahamishwe: chumba kimoja kinafungwa, kinatengenezwa, familia inarudi, kinafuata kingine. Mtaa uliohamishiwa watu wake pembeni ili kuta zipone unakosa wa kupanda kuzibua mfereji Aprili ijayo.

Jirani naye ana haki hapa. Nyumba hizi zimeegemeana. Moja ikianguka, ukuta wa pili unabaki wazi, una matundu ya boriti, hauna lipu, na mvua inaupiga usawa. Ukiwa na gofu ubavuni mwako, matundu hayo yazibwe kwa mawe na chokaa kabla ya masika, kichwa cha ukuta kifunikwe, na kifusi kiondolewe kwenye mguu wake, maana kifusi hushika maji kama sponji. Kubaliana kwa maandishi na mwenye gofu, au na mwakilishi wake, kabla ya kupandisha ngazi.

Na kama nyumba imefungwa kabisa, hakuna anayekaa wala fedha ya kazi bado, ufunguo usipelekwe Maskati wala Toronto. Apewe mtu wa mtaani. Afungue madirisha yote asubuhi moja kila wiki hadi alasiri, apande aangalie mfereji, na azungukie vyumba na tochi akitazama vichwa vya boriti. Masika yakianza, aende siku ileile ya mvua kubwa ya kwanza, wakati bado inanyesha, na daftari mkononi, kwa sababu ikishakatika na jua likatoka, nusu ya mavujo hayaonekani.